Betri Chini ya Kitanda cha Mama

Kambi ya daraja, 4 Februari

Shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Nimefika salama, ila mgongo unanidai kwa kukaa siku mbili juu ya mifuko ya saruji. Simu hazishiki huku hata ukipanda juu ya tangi la maji, kwa hiyo itabidi tuandikiane kama walivyofanya wazee wetu. Dereva wa lori la saruji hupita mtaa wenu. Barua zako mpe yeye. Ni mwaminifu, ila ana maneno kama redio, ukimkaribisha kiti umekwisha.

Mama miguu inaendeleaje? Msomee hapa taratibu: mwanao uliyebaki naye anakusalimu, anakula, anavaa sweta, usiwe na wasiwasi.

Tangu tumzike kaka, usingizi wangu ni wa kuazima. Najua na wewe ni hivyohivyo. Pole, shemeji. Mungu hakuwajalia mtoto, lakini mimi nipo, na ukoo upo.

Sasa neno moja. Vifaa vya marehemu, drili mbili, grinda na betri zake nne, nilivipanga mwenyewe ile wiki ya msiba. Nikirudi tutakaa chini tuamue. Mpaka hapo visiguswe na mtu. Lakini betri si nyundo. Nyundo ukiisahau mwaka mzima utaikuta ilivyo. Betri ukiisahau inakufa. Usiziache tupu, wala usiziweke zikiwa zimejaa. Zikae katikati, taa mbili kati ya nne. Kila mwezi zitazame, iliyoshuka ichaji kidogo. Usizitie sanduku moja na misumari wala skrubu, chuma kikigusa ile midomo ya shaba zinapiga cheche. Pawe pakavu, pasiwe na jua.

Na kwa ajili ya wezi, ziweke chini ya kitanda cha Mama. Mama hatoki ndani. Hakuna mlinzi kama yeye.

Ni mimi shemeji yako.


Nyumbani, 27 Februari

Kwako shemeji,

Barua imefika, na dereva amekaa mpaka nikaanza kufagia chini ya miguu yake ndipo akaelewa. Mimi mzima. Mama anafika mlangoni kwa fimbo na kurudi, zaidi ya hapo magoti yanagoma. Macho nayo yamezidi ukungu. Nilimsomea barua yako mara mbili, ile sehemu ya sweta mara tatu. Akasema, "Unasikia? Mwanangu anajua mpaka mambo ya betri."

Kuhusu hizo betri, nilizitia chini ya kitanda kama ulivyosema, kisha nikazitoa. Unakijua kitanda cha Mama. Chini yake kuna mablanketi, nguo kuukuu na lile godoro bovu asilotaka litupwe. Hewa haipiti, na yeye hufunga dirisha mchana kutwa. Nimezipanga kwenye rafu ya ukutani hapa ukumbini, mbali na jiko. Chaja nimeiweka sakafuni, kwenye saruji tupu. Mwizi akija atanikuta mimi kwanza.

La pili. Mwenye lile ghorofa la kona amekuja. Anauliza nani atamalizia madirisha ya alumini aliyoyaacha kaka yako, maana juu bado ni matundu matupu na mvua inaingia. Vifaa viko hapa vimelala. Nikipata mtu wa kuvifanyia kazi, una neno? Msiba tunaomboleza, shemeji, lakini sufuria haijui kuomboleza.

Wako katika familia.


Kambi ya daraja, 22 Machi

Shemeji,

Nimefurahi kusikia mnaendelea. Huku mvua imetufungia ndani siku kadhaa, tumecheza karata mpaka zimechakaa.

Jibu langu ni hapana. Naliandika kwa upendo lakini ni hapana. Vifaa vile si vyako wala si vyangu, ni vya kaka, na mkono wa fundi wa kuokotwa mtaani utaviua. Mtu wa aina hiyo anatoka kutoboa zege, betri inafuka, yeye anaipachika kwenye chaja ikiwa bado ya moto. Betri iliyotoka kazini inapumzishwa kwanza ipoe. Ikianguka kutoka juu inachunguzwa. Nani atakumbuka hayo?

Na umenisikitisha kuzitoa nilipoagiza. Ukumbini kila apitaye anaziona. Basi sehemu hii msomee Mama, tafadhali, neno kwa neno:

Mama, betri za kaka ni amana yako. Zikae chini ya kitanda chako. Kila mwezi ukiandama, chukua moja moja, ipachike kwenye chaja hapo kitandani kwako, soketi iko karibu. Taa ya kijani ikiwaka, itoe. Ni kazi nyepesi, na ukiifanya nitajua nyumba ya kaka bado ina mwenyewe.

Salamu kwa wote.


Nyumbani, 10 Mei

Shemeji,

Usihesabu kuchelewa kwangu. Dereva amepita nikiwa sipo.

Mama nilimsomea. Laiti ungeona. Mtu ambaye huwa ni kazi hata kumshawishi ageuke ubavu, alishuka kitandani peke yake, akaja ukumbini kwa kushika ukuta, akazibeba betri moja moja ndani ya khanga kama mayai. Nilimwambia, "Mama, pale kuna joto, kuna nguo." Akanijibu, "Mwenye nyumba amesema." Nimezirudisha kwenye rafu, akazichukua tena. Sasa nimechoka kugombana na bibi kizee juu ya vitu visivyo na roho. Ninachoweza ni kuificha chaja ninapotoka, na huwa anaitafuta mpaka aipate.

Nina swali. Zinaisha haraka mno. Zinaonyesha taa nne, skrubu chache tu zimekwisha. Na zikiwa kwenye chaja zinapata moto, si ule uvuguvugu ninaoukumbuka enzi za kaka yako, moto wa kukufanya uondoe kiganja. Hivyo ndivyo zinavyokuwa? Nauliza kwa kuwa wewe unazijua.

Mama anasema usisahau sweta.


Kambi ya daraja, 2 Juni

Shemeji,

Betri ni kama binadamu, huzeeka. Mzee akitembea kidogo anatokwa jasho. Usitafute mengi hapo.

Ila na mimi nina swali. Zinaisha kwa skrubu chache, unasema. Skrubu za nani? Betri ikikaa chini ya kitanda haifungi skrubu. Nilikuwa najiuliza hivyo, na majibu yakanifuata yenyewe. Yuko hapa fundi vyuma mmoja, tunamwita Kipara. Dada yake anaishi mtaa wenu. Amemwandikia kwamba mjane wa kaka yangu ameonekana juu ya ngazi kwenye ghorofa la kona, amevaa suruali ya marehemu, ameshika drili.

Nilicheka mbele ya watu nikasema wamekufananisha. Ndani niliungua. Shemeji, kaka hajamaliza mwaka kaburini! Watu watasema ukoo wetu umeshindwa kumtunza mjane mpaka anapanda kuta. Na nilikukataza kwa maandishi.

Acha mara moja. Rudisha vitu vilipokuwa. Sitaandika tena juu ya hili.


Nyumbani, 30 Juni

Shemeji,

Mama mzima, mimi mzima. Salamu zimekwisha.

Ndiyo, ni mimi. Hawajanifananisha. Nimemshikia kaka yako ngazi miaka yote ya ndoa yetu. Nimempimia fremu, nimempachikia raba ya kushikilia kioo, na alipoanza kukohoa ni mimi niliyekuwa natoboa na yeye amekaa kwenye ndoo ananielekeza. Alisema mkono wangu hautetemeki kama wako. Nilikuficha kwa sababu nilijua utajibu hivi ulivyojibu. Unaniambia ukoo umenitunza. Niambie basi ni siku gani, maana siku hiyo lazima nilikuwa ghorofani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wala haipiki.

Lakini si hilo lililonikalisha kuandika. Betri moja imevimba. Tumbo limetoka pembeni, haiingii tena kwenye drili, na inanuka kama rangi ya kucha iliyoachwa wazi. Nimeitoa nje nikaizika kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya nyumba. Zile tatu siziamini tena. Nimeacha kuzitumia, naazima mashine ya waya kwa mwenye ghorofa. Naogopa kuzichaji hata nikiwa nimekaa mbele yake.

Mama hanisikii. Anasema nazisingizia betri ili nikuudhi. Wewe ndiye anayekusikia. Nakuomba, shemeji, na unajua mimi si mtu wa kuomba: andika mstari mmoja tu. "Mama, usichaji tena zile betri, zitolewe nje." Nitausoma mbele ya jirani ili asiseme nimeutunga. Usiandike kitu kingine kama umekasirika. Mstari mmoja.


Kambi ya daraja, 6 Agosti

Shemeji,

Nimekawia kwa sababu ya kazi, nguzo ya pili ilipata ufa ikabidi tuibomoe. Nimekonda. Chakula cha hapa hata panya wanakilalamikia.

Barua yako nimeisoma. Kuhusu kupanda ngazi tutaongea uso kwa uso. Kuhusu betri, usimtishe Mama. Mtu mzima akitiwa hofu presha inapanda. Moja ikivimba hazijavimba zote. Nadhani umeiangusha ukiwa huko juu, sasa unaitafutia sababu. Zikikaa bila kuchajiwa ndiyo zitakufa kabisa, na mimi nitakuta makopo matupu.

Mama, nakushukuru kwa kulinda amana ya kaka. Endelea vivyo hivyo, mwanao anakuombea.


Nyumbani, 19 Agosti

Shemeji,

Barua yako haikunikuta. Dereva alifika asubuhi nimeshatoka. Mama akamwambia amsomee, naye kwa kupenda kwake kuongea akamsomea yote, na lile la mwisho akalirudia kwa sauti. Amenihadithia mwenyewe, analia, anaapa kwamba alidhani anamfurahisha bibi.

Mimi nilikuwa ghorofani, nimeshika fremu ya dirisha la mwisho upande wa nyuma. Kutokea pale unaliona paa letu lote. Niliona moshi mweupe unatoka chini ya bati, nikadhani jirani anachoma takataka. Kisha ukawa mweusi. Sikumbuki nilivyoshuka.

Mama alikuwa ametoa chaja nilikoificha, ndani ya pipa la unga. Aliipachika betri kitandani, juu ya blanketi, kama ulivyomwelekeza. Mwenyewe akakaa pembeni kuiangalia. Anasema taa ya kijani haikuwaka. Betri ilianza kulia kama mafuta kwenye kikaango, ikatoa moshi unaokaba, halafu ikapasuka na kurusha moto vipande vipande. Alijaribu kuuzima kwa khanga. Godoro likashika. Zile mbili za chini ya kitanda nazo zikafuata.

Majirani walimvuta kupitia mlangoni. Mguu wa kushoto umeungua kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, mikono yote miwili ina malengelenge, na ule moshi aliouvuta umemwingia kifuani. Chumba chake hakipo. Ukumbi ni masizi. Chumba chetu mimi na kaka yako kimepona kwa ukuta tu.

Neno la kwanza aliloniambia hospitali ni hili: "Nilikuwa namchajia mwanangu."

Njoo.


Kambi ya daraja, 9 Septemba

Shemeji,

Nimelia mpaka wenzangu wamekuja kunishika. Mama yangu! Nikifumba macho naona mikono yake.

Nimeomba ruhusa, msimamizi amekataa. Tunamwaga zege ya nguzo ya tatu na mimi ndiye niliyepewa kusimamia vyuma. Nikiondoka nafasi inachukuliwa. Nitakuja kazi ikipungua.

Lakini siwezi kujizuia kusema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu lililovunjika si lako. Nilikwambia visiguswe. Umezichosha betri kwa kazi usiyoisomea, umezipeleka juani, pengine umeziangusha, kisha ukamwachia mgonjwa akae nazo. Kama ungezitoa kweli nyumbani, kama ulivyodai unaziogopa, zingemchoma nani? Hilo likae nawe. Mimi sikuhukumu, Mungu yupo.

Nampa Kipara barua hii, anakuja likizo. Atamwona Mama kwa niaba yangu.


Nyumbani, 3 Oktoba

Shemeji,

Mama ametoka hospitali. Amelala chumbani kwangu, mimi nalala sakafuni. Kidonda cha gotini kinakataa kufunga. Namsafisha asubuhi na jioni, na kila ninapomsafisha anayaita majina yenu wote wawili, wewe na kaka yako. Langu halimo.

Swali lako nimelikubali. Ningezitoa. Ningezitupa mbali siku ileile, hata kama Mama angelala mlangoni. Niliogopa utasema nimeiba mali ya ukoo, na hofu hiyo nimeilipia, au tuseme Mama ameilipia. Hilo ni langu, nalibeba. Sasa sikiliza lililo lako.

Kipara alifika. Mtu mpole, amemletea Mama sukari, akakaa naye akamsimulia habari zako mpaka akatabasamu. Alipotoka aliuona mlango wa ukumbini unaning'inia kwa bawaba moja, akasema, "Acha nikufungie, mashine ninayo." Akafungua begi, akatoa drili, akapachika betri.

Ubavuni mwa betri kulikuwa na doa jekundu.

Shemeji, kaka yako alizitia alama betri zake zote nne kwa rangi yangu ya kucha, kwa sababu saiti betri za mafundi zinafanana na watu wana mikono mirefu. Nilimfokea kwa kumaliza chupa yangu. Nilipoanza kuzitumia zile ulizoniachia niliona doa halipo, nikadhani limefutika kwa jasho. Mjinga ni mimi.

Nikamuuliza Kipara, "Hii umeitoa wapi?"

"Kwa shemeji yako," akasema. "Alikuja nazo kambini nne, akaniuzia moja. Ni betri za kaka yake, ni imara kweli." Kisha akanitazama usoni akashusha mashine. "Kwani hukujua?"

Nilimletea ile iliyovimba kutoka kwenye ndoo. Hakutaka kuishika sana. Akaipima tu kwa mkono, akasema ni nyepesi mno, ni zile za kuiga zinazouzwa kwa mafungu, sura ileile, ndani seli chache na hamna kile kibao kidogo kinachokata umeme ikishajaa. Inaendelea kumeza tu mpaka ipasuke.

Akaniambia na jambo jingine bila kujua linanichoma kiasi gani. Kwamba wewe kambini ndiye mkali wa betri kuliko wote. Unazichaji mezani penye upepo, ukiwa umekaa hapohapo, na ukiinuka hata kwenda kujisaidia unachomoa. Kwamba uliwahi kumtoa mtu bwenini kwa kuchaji karibu na kitanda.

Kwa hiyo ulijua. Wiki ile nilipokuwa nimekaa chini nalia, ulikuwa chumba cha pili unabadilisha betri za marehemu. Hilo ni wizi tu, na wizi wa ndani ya nyumba si mgeni: kikulacho ki nguoni mwako. Ningeweza kulimeza.

Lakini ulijua ni za kuiga, ukajua ziko chini ya kitanda cha nani, na nikakuomba mstari mmoja. Kwa nini hukuuandika?

Sihitaji jibu refu.


Kambi ya daraja, 15 Novemba

Shemeji,

Natumai hali ya Mama inatia moyo. Huku mvua zimeanza, mto umejaa, daraja limesimama kidogo. Kipara amerudi lakini siku hizi anakula meza nyingine.

Nilianza barua hii mara nyingi nikaichana. Maneno mengine mtu akiyaandika yanabaki. Kazi hii niliipata kwa sharti la kuja na vifaa vyangu, na mimi nilikuwa na drili kuukuu tu isiyo na betri. Muuzaji aliniambia zile nyingine ni nzuri tu, watu wanazitumia. Na ningemwandikia Mama zitolewe, ungeuliza kwa nini.

Yaliyopita si ndwele, shemeji, tugange yajayo. Sisi ni familia. Watu wakisikia, atakayeumia zaidi ni Mama.

Nimempa dereva kifurushi. Utaona mwenyewe.

Nakuomba neno moja: Mama umemwambia?


Nyumbani, 8 Desemba

Shemeji,

Kifurushi nimekipata. Betri tatu, doa jekundu kila moja, umezifunga kwenye mfuko wa saruji kama mtu anayerudisha sahani za jirani. Hukuandika hata neno ndani. Nimezifuta vumbi. Zinakaa kwenye kisahani cha bati juu ya sakafu, karibu na mlango, na nazichaji kwa chaja mpya niliyonunua, nikiwa nimekaa nazo uso kwa uso. Madirisha ya ghorofa yamekwisha. Mwenye nyumba wa mtaa wa pili ameniita nikapime ya kwake. Mashine zote nabaki nazo, na ukija kukaa chini kuamua utanikuta nimeshaamua.

Unauliza kama nimemwambia Mama.

Mama anaamini ni mimi. Tangu siku aliyotoka hospitali. Kila anayekuja kumpa pole anamwambia, "Mkwe wangu aliziharibu betri za mwanangu kwa kupanda nazo maghorofa, zikaniunguza." Analisema nikiwepo, nimeshika beseni. Dada yake Kipara alifungua mdomo aseme anachokijua, nikamkanyaga mguu. Baadhi ya majirani hawanisalimii.

Nilitaka kumwambia. Niliingia mara mbili nimejiandaa, maneno yako kwenye ulimi. Mara ya kwanza nilimkuta anapapasa ukutani anatafuta soketi, nikamuuliza anataka nini, akasema anapima tu kama bado anaweza kufika, maana wewe ukirudi utakuwa na betri mpya za kutunzwa. Mara ya pili alikuwa amelala, mikono imefungwa bandeji, juu ya kifua, kama mtoto. Mwana mmoja nilimzika naye. Sikuona ni kwa mkono gani nitamzika wa pili.

Daktari anasema mguu huenda ukakatwa. Kifua hakijatoka moshi. Sikuandikii haya ili uje. Nimeacha kukuita.

Wiki iliyopita dereva alipoleta kifurushi, Mama alisikia lori akaniuliza, "Ameandika?" Nikakaa kitandani nikafungua barua yako. Ile ambayo hata jina la mguu wake halimo. Nikasoma salamu. Kisha nikaendelea kusoma ambayo hukuandika. Nikasoma kwamba hulali kwa ajili yake. Kwamba umemwomba msimamizi kwa magoti. Kwamba umesema, Mama, nisamehe kwa kuwa mbali, laiti ingekuwa mguu wangu. Nilisoma taratibu, nikageuza karatasi kana kwamba kuna upande wa pili.

Alilia vizuri, kilio cha mtu aliyeshiba. Nikampangusa. Akanishika mkono kwa ile bandeji, mara ya kwanza tangu moto, akaniambia:

"Unaona mwanangu alivyo na moyo? Ungekuwa nao nusu tu, mimi nisingekuwa hapa."

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama."

Maji yake ya kuogea yamechemka. Naishia hapa.